Nani Atavuta Nanga

Jiwe la kilo 20 likizama ziwani halibaki na kilo 20. Maji yanalibeba kiasi, na kule chini linakuwa na uzito wa kilo 12 na kitu. Zege ina hasara zaidi: kilo 20 zake zikiingia majini zinashuka chini ya 12. Chuma ndicho kinachopoteza kidogo, maana kilo 20 zinabaki 17 na nusu hivi. Hakuna siri hapo. Ni yule yule Archimedes wa fizikia ya sekondari, ambaye wengi wetu tulimkariri, tukamfanyia mtihani, tukamwacha getini siku ya mwisho ya shule.

Mimi nilimrudia kwa sababu ya boti.

Boti yenyewe tuliachiwa na Baba. Ni ya mbao, ya umbo lile ambalo ziwa zima linaliita sese, mita nane kutoka mbele hadi nyuma, na injini ya nguvu za farasi 15. Wenye mali tuko watatu. Kaka yuko Nairobi. Dada ana duka la dawa Kondele. Mimi natengeneza hesabu za biashara za watu hapa mjini Kisumu, kwa hiyo daftari la boti lilinifuata lenyewe. Hakuna hata mmoja wetu anayevua. Anayevua ni binamu yake Baba, mzee tunayemwita Jaduong' kwa heshima yake, pamoja na vijana watatu anaowachagua yeye. Wanatoka jioni, wanatega nyavu za mbuta, wanalala majini, wanarudi asubuhi. Sisi tukiamka tunapata ujumbe wa kilo: leo 30, leo 12, leo hakuna kitu.

Miaka yote hiyo nanga yao ilikuwa jiwe lililofungwa kamba ya plastiki ya buluu. Halafu mwaka juzi boti ya bichi nyingine ilizimikiwa injini wakati wa upepo, karibu na miamba ya kisiwa. Walitupa jiwe. Jiwe lilishuka, likagusa chini, kisha likaanza kutembea. Walikuwa wanne. Waliofika ufuoni ni watatu. Sikuwepo, na sitajifanya nilikuwepo. Ninachokijua ni kwamba wiki iliyofuata Jaduong' alikuja mjini hadi ofisini kwangu, amevaa koti lake la kanisani, akakaa, akakataa chai, akasema, "Nyathina, jiwe letu lina ukubwa uleule."

Basi nikaanza kupiga hesabu, maana ndicho ninachojua.

Upepo ukiisukuma boti, nguvu yake haipandi sawasawa na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Niliichukulia boti yetu ikiwa imeelekeza kichwa kwenye upepo, na watu wanne wameinama ndani, nikakadiria eneo linalopigwa kuwa mita mbili za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unaisukuma kwa nguvu kama ya kilo 12. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, ambao sasa ni dhoruba, unafikisha kama kilo 49. Na hapo sijaweka mawimbi. Mawimbi hayasukumi polepole kama upepo: boti inapanda, kamba inakaza kwa mshtuko, inalegea, inakaza tena, usiku kucha.

Sasa lirudie jiwe. Lina kilo 12 na kitu, na haliumi chochote. Limekaa tu juu ya tope kama mgeni ambaye hajavua viatu. Kinacholizuia lisiburuzike ni msuguano, na msuguano wenyewe ni sehemu tu ya uzito ule. Upepo wa kawaida wa alasiri unaweza kulitikisa, na wa dhoruba unaondoka nalo. Ukitaka kuushinda kwa uzito peke yake utahitaji jiwe la zaidi ya kilo 80 hata kabla ya kuhesabu mawimbi, na simjui mtu wa kuliinua hilo liingie botini saa kumi alfajiri. Gunia la mchanga nalo, ambalo wengi hulitumia, linadanganya kwa njia ileile. Gunia la kilo 50 kwenye mizani ni kilo 31 hivi majini.

Nikaandika haya yote kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha familia. Kaka akajibu baada ya dakika moja.

"Kwani jiwe limeanza kudai mshahara?"

Kisha akaongeza methali, maana Kaka bila methali hajamaliza: mchagua jembe si mkulima.

Nitakuwa wa haki kwake. Pesa iliyokuwepo ilikuwa moja. Nyavu mbili zilikuwa zimechakaa, na wavu mpya unaleta samaki wiki hiyohiyo, ilhali nanga haijawahi kuleta hata dagaa. Kila mwenye kuweka vitabu anaijua hoja hiyo. Kuna matumizi yanayorudi, na kuna matumizi ambayo faida yake ni kitu ambacho hakikutokea. Nani atakiandika kitu ambacho hakikutokea? Kwenye daftari langu hakuna safu ya wanaume waliorudi.

Dada naye alikuwa upande mwingine kabisa. "Nunueni kubwa kuliko zote, na mnyororo mzito kuliko wote, tumalize hii stori." Dada huuza dawa, lakini hapo alisahau kwamba hata dawa ina kipimo chake.

Kusema kweli mwanzoni mimi nilikuwa naelekea kwa Dada. Ukishasikia wanne wamekuwa watatu, uzito unafariji. Ndivyo hata lugha yetu ya mitandaoni inavyoichora nanga: wahubiri wanaihubiri, wapenzi wanaandikiana wewe ni nanga yangu, wengine wanaichora mkononi kwa wino. Daima ni kitu kizito kisichosogea. Nanga ya kweli haifanyi kazi hivyo. Lazima isogee kidogo kwanza ndipo ishike, kwa sababu inashika kwa kuzama.

Mwaka 1933 mwanafizikia Mwingereza, Geoffrey Ingram Taylor, mtu wa kuchunguza mienendo ya maji na hewa ambaye pia alipenda kusafiri kwa tanga, alibuni nanga yenye umbo la plau. Ikaitwa CQR. Baadaye Mmarekani Richard Danforth akaleta yake, yenye mbawa mbili pana na bapa zinazojichimbia chini, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikatumika kwenye vyombo vya kushushia askari ufuoni. Wote wawili walikuwa na wazo moja: acha kupambana na upepo kwa kilo, tumia ardhi iliyo chini ya maji. Chuma cha kilo 10 kikijizika vizuri kwenye tope kinashika kuliko mawe kadhaa ya kilo 20, kwa sababu sasa ili kiondoke lazima kiondoke na tope lililokifunika.

Nikamwandikia Kaka: plau ni jembe. Kwa hiyo tunachagua jembe, kweli kabisa. Hakujibu, lakini alama mbili zikawa buluu.

Mafundi wa jua kali hapa kwetu wanatengeneza nanga ya nondo, mti mmoja na makucha manne yaliyokunjwa. Ni nzuri kwenye miamba, kwa sababu kucha moja itapata ufa wa kuingia. Kwenye tope ni shida. Nondo ni nyembamba, inapasua tope kama uma kwenye uji. Na sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, kuanzia huku Kisumu na Dunga, chini yake ni tope. Ukitoka nje kupitia mlango kati ya Uyoma na Rusinga, kuelekea Mfangano na visiwa vya mbele yake, kina kinaongezeka na miamba inaanza. Boti yetu inatumia maji ya aina zote mbili. Hakuna nanga moja inayopenda pote.

Sasa mnyororo. Hapa ndipo nilipotumia jioni nyingi kuliko nilivyotarajia, na ningependa nikupe kwa ufupi.

Lifikirie jembe lililokwisha ingia ardhini. Ukilivuta likiwa limelala, linazidi kuingia. Ukiinua mpini kwenda juu, linang'oka. Nanga ni hivyo hivyo. Inataka kuvutwa kwa ulalo, na adui yake ni mvuto wa kwenda juu. Boti iko juu, nanga iko chini, kwa hiyo kamba tupu inavuta kwa mshazari na kuinua mpini. Mnyororo ukiwa katikati yao, uzito wake unalala chini na kuulaza mvuto. Vilevile unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na wimbi likija lazima kwanza liunyooshe ndipo nanga isikie. Huo ndio msaada wake.

Lakini kamba ya kuanikia nguo ukiivuta kwa nguvu inanyooka. Upepo ukiwa mkali kweli, mnyororo nao unanyooka, na hapo iwe umenunua wa milimita 8 au wa 10, ule mkunjo umeisha. Kinachobaki kukuokoa ni urefu. Kadiri kamba ilivyo ndefu, ndivyo mvuto unavyokaribia kulala. Mabaharia wana kanuni yao: ukitumia mnyororo mtupu, toa urefu wa kama mara tano ya kina, ukichanganya mnyororo na kamba, enda hadi mara saba upepo ukizidi. Kina cha mita 10 kinadai mita 70. Kamba ya jiwe letu, nilipoipima, ilikuwa mita 22.

Usisahau pia kwamba kina chenyewe hakitulii. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 Nam Lolwe ilipanda kwa zaidi ya mita moja, ikapita hata rekodi ya 1964. Tunakumbuka nyumba na bichi zilizoingiwa na maji. Tusichokumbuka ni kwamba mita moja ya kina inakula mita saba za kamba. Mvuvi aliyekuwa na kamba ya kutosha 2018 alijikuta 2020 amepungukiwa, na kamba hakuna aliyeikata.

Na mbali huko ziwani, ambako kina ni mita 40 na zaidi, nanga ya boti ndogo haina kazi kubwa. Utahitaji karibu mita 300 za kamba. Jaduong' anasema huko hawatupi kitu chini. Wanafunga nyavu au ndoo mbele ya boti, maji yaivute iwe breki, kichwa cha boti kielekee mawimbi badala ya ubavu. Nanga ni ya karibu na ardhi. Na karibu na ardhi ndiko hatari iliko, hasa alasiri, wakati nchi kavu imepata joto na upepo unavuma kutoka ziwani kuja kwetu. Injini ikizima saa hiyo, upepo unakupeleka nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe ni mawe. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, hewa inakusanyika juu ya maji, na dhoruba nyingi za ziwa huzaliwa saa hizo watu wa mjini tumelala.

Kwa hiyo nilikuwa na karatasi yenye safu tatu. Mnyororo wa milimita 6 una kama kilo 0.8 kwa mita. Wa milimita 8 una kama kilo 1.4. Wa milimita 10 una kama kilo 2.2. Kanuni moja ya wengi inasema mnyororo uwe walau na urefu wa chombo, kwa hiyo mita nane: kilo 6 na nusu, au 11, au karibu 18. Nanga za kuambatana nazo ni kilo 7, 10, au 15. Safu ya mwisho, pendekezo la Dada, inafika kilo 33. Nikampelekea Jaduong' karatasi hiyo bichini siku ya Jumapili, baada ya kanisa, nikiwa nimeshaweka alama kwenye safu ya mwisho.

Aliisoma polepole. Hakuniambia neno kuhusu msuguano wala ulalo, mambo ambayo anayajua kwa mikono yake kuliko mimi kwa kalamu. Alimwita mdogo kuliko wote kati ya vijana wake, kijana wa miaka 20 mwenye mabega ya kuonewa wivu. Akachukua gunia, akatia vyuma na mawe, akalitundika kwenye mizani ya kupimia mbuta hadi likasoma kilo 30 na kidogo. Akalifunga kamba, akalitupa majini kando ya boti, akamwambia avute.

Kijana alivuta akicheka. Jaduong' akalitupa tena. Akavuta tena. Mara ya tatu hakucheka. Boti ya sese haina mashine ya kuvutia, wala haina pa kusimama vizuri. Unaegemeza magoti kwenye ubavu, mgongo unafanya kazi yote, na kila ukivuta boti inainama upande wako. Siku hiyo maji yalikuwa tulivu kama chai kwenye kikombe. Mara ya tano gunia lilifika hadi ukingo, akalikumbatia tumboni, akapumzika kabla ya kulimaliza.

"Hii," Jaduong' akaniambia, "usiku wa kwanza tutaitupa. Usiku wa pili tutaangalia mbingu, tuseme upepo si mbaya."

Sijawahi kuandikiwa ripoti nzuri kuliko hiyo.

Kule bandarini, meli kama MV Uhuru, ya miaka ya 1960, haina tatizo hili. Mnyororo wa meli huinuliwa na winchi, na winchi haichoki wala haibishani na hali ya hewa. Kwa hiyo vitabu vya meli vinaweza kuuliza swali moja tu: uzito gani utashika? Kwenye boti ya kuvutwa kwa mkono maswali ni mawili, na la pili ni uzito gani utatupwa. Nanga inayobaki botini kwa sababu watu wamechoka ina nguvu ya kushika ya sifuri, hata iwe na kilo ngapi. Kaka alitaka kuokoa pesa, Dada alitaka kuokoa watu, na mimi nilitaka hesabu ikubali. Wote watatu tulikuwa tukichagua mzigo wa mgongo wa mtu mwingine bila kumwuliza.

Na ukiangalia hesabu ya boti inavyogawanywa ziwani, utaona kwa nini hatukuuliza. Samaki wakiuzwa, kwanza yanatolewa mafuta na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye boti na wavuvi. Mwenye boti anaweza kuamua kila kitu kutoka Nairobi kwa simu. Anachokiweka majini ni mbao na injini. Wenzake wanaweka miili. Halafu sisi ndio tunaokaa kikao cha kuchagua nanga.

Tulirudi kwenye safu ya katikati, safari hii wao wakiongoza. Fundi alituazima nanga mbili tukazijaribu nje kidogo ya bichi, kwenye tope, Jaduong' akiwa kwenye injini na mimi nimekaa katikati na daftari, nimevaa jaketi la kuelea. Walikuwa wakitupa, wanatoa kamba, wanaifunga, kisha injini inarudishwa nyuma taratibu na kuongezwa. Jiwe letu la zamani lilitembea karibu mara moja. Nanga ya nondo ilishika, ikaachia, ikashika, ikaja juu na mzigo wa majani. Ile ya mbawa pana, ya kilo 10, iliteleza kama mita mbili, halafu boti nzima ikasimama na maji yakaanza kuchemka nyuma ya injini. Kijana wa tatu, ambaye huwa hasemi, alisema, "Hiyo imekula."

Walikuwa na mambo yao ambayo karatasi yangu haikuwa nayo. La kwanza ni kamba. Ile ya plastiki inaelea, na kamba inayoelea ndiyo inayojifunga kwenye rafadha unapoihitaji injini zaidi. Walitaka nailoni, inayozama na kunyumbuka, kwa sababu kunyumbuka kunapunguza ule mshtuko wa mawimbi. La pili ni viungo. Mnyororo una nguvu za kiungo chake kilicho dhaifu, na pini inayounganisha mnyororo na nanga hujifungua yenyewe kwa kutikiswa, kwa hiyo lazima ifungwe kwa waya. La tatu ni boti. Nanga ikishika vizuri, mvuto wote unahamia pale kamba ilipofungwa, na ubao uliooza utang'oka kabla ya nanga. Kamba yetu sasa imezungushwa kwenye mbavu za boti, haiko tena kwenye msumari.

La nne lilinishangaza. Nilikuwa nimeuliza kama tusiweke mnyororo mtupu hadi juu, kama meli. Vijana wakatazamana. Jaduong' akanyoosha kidole kuelekea gugumaji lililokuwa limejaa upande wa pili wa bichi, kijani hadi macho yanapoishia. Gugu lile limekuwa nasi tangu nikiwa mtoto, miaka ya 1990. Upepo ukiligeuza, linakuja kama kiwanja cha mpira kinachotembea, na hakuna nanga ya mkono inayoweza kuzuia boti isisukumwe nalo. Likikufikia ukiwa umefunga nanga, kilichobaki ni panga. Kata, ondoka, urudi kesho kuitafuta kwa boya uliloliacha. Kamba unaikata kwa pigo moja. Mnyororo utaupiga hadi lini?

Basi tukanunua: nanga ya mbawa ya kilo 10, mita nane za mnyororo wa milimita 8 uliopakwa zinki kama mabati, mita 75 za kamba ya nailoni, boya moja dogo la njano. Nanga na mnyororo vikiwa vinaning'inia majini ni kilo 18 na nusu hivi. Kijana yule alivuta mara tano, kisha ya sita bila kuambiwa. Nanga ya nondo tumeibakiza kwa ajili ya miamba. Jiwe Jaduong' amekataa kulitupa, na mimi sikumbishia. Limelala chini ya benchi la nyuma, na likifungwa katikati ya kamba linasaidia kuulaza mvuto. Hata Taylor asingelikataa.

Je, inatosha? Kwa upepo wa kilomita 36 inatosha na kubaki. Kwa dhoruba, kwenye tope, kamba ikiwa imetoka yote, naamini. Kwenye miamba, usiku, mawimbi yakipiga, naweza kukuandikia hesabu lakini usiniombe niitie sahihi. Safu ya mwisho ya karatasi ingeshika zaidi, hilo halibishaniwi, mradi iwe imetupwa. Tulichonunua ni kile ambacho watu wanne wamekubali kukitupa na kukivuta kila usiku, hata usiku unaoonekana mzuri.

Kilichobaki kilikuwa daftari. Kaka alipendekeza bei ya nanga itolewe kwenye mauzo kabla ya mgao, kama mafuta, yaani vijana walipe nusu. Ilikuwa hoja ya kihesabu na haina kosa la kihesabu. Nilimpigia simu, maana mambo mengine hayafai kuandikwa. Nikamwambia mafuta huwa wanayatumia kutafuta samaki wetu na wao, lakini nanga ni kodi yetu sisi tunaolala kitandani. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia matatu zikipita upande wake. Kisha akauliza mnyororo una dhamana ya miaka mingapi.

Hauna. Nimeandika tarehe ya kuukagua kila mwezi wa tatu, na wa kukagua ni yule kijana.